Kiti Alichokiacha Skhem

Mawkhlieng, 12 Machi 1995

Kaka yangu Wanbok,

Khublei, salamu nyingi, na pole kwa baridi ya huko Mussoorie. Natumaini kifua kimepoa, na wale wavulana wako wa bweni wameanza kukusikia unapowakataza kuimbia puani. Sisi huku tunaendelea kama wanavyoendelea waliofiwa. Daia ameingia darasa la sita. Viazi vimeshapandwa. Mvua ya kwanza imenyesha na paa la jikoni limevuja palepale panapovuja kila mwaka.

Barua yako ya rambirambi nimeipata. Usijisumbue moyo kwa kuyakosa maziko. Telegramu yenyewe ilikufikia mume wangu ameshalala chini. Skhem alikufa kama alivyoishi, mbele za watu. Timu yetu ilikuwa imefunga bao, uwanja mzima umesimama, yeye akakaa. Nikadhani amechoka kushangilia. Ukoo wake wakaja kumchukua kama desturi inavyotaka, akazikwa kwao Nongrim, pamoja na watu wa mama yake. Mama mkwe alinishika mkono njia nzima mpaka kaburini, na kurudi pia. Wakati ule nilikuwa bado ni mwanawe.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Juzi alikuja mgahawani Rostar, katibu wa chama, na wenzake wawili. Wakala sahani mbili mbili za wali wa nyama, wakanywa chai, wakatafuna tambuu, ndipo wakakumbuka kuvaa nyuso za msiba.

“Kong Phida,” Rostar akaanza, ananiita dada kwa heshima, “kiti cha marehemu bungeni kiko wazi. Na kule Milima ya Garo kuna kingine, mwenyewe amejiuzulu. Tukivikosa vyote viwili, waziri kiongozi anafunga virago na serikali inakwenda kwa wale wengine.”

“Pole yake,” nikasema.

“Watu bado wanamlilia Skhem. Machozi ya leo hayatakuwepo mwakani. Simama wewe.”

Nikamwambia mimi ni mpika wali. Akasema, “Ndiyo maana! Nani katika jimbo hili la uchaguzi hajala kwako?”

Kaka, wewe ndiye mjomba wa Daia, na kwetu neno la mjomba ndilo linalofunga mlango. Niandikie kwamba umekataa. Andika kwa herufi kubwa, nibandike ukutani penye bei ya chai, waje wasome wenyewe.

Mdogo wako,
Phida

*

Mussoorie, 2 Aprili 1995

Mdogo wangu Phida,

Barua yako imetembea kuliko mimi. Ilifika jana, bahasha imelowa kona moja, inanuka samaki wakavu. Nilifurahi kama niliyeletewa chakula.

Mimi sijambo. Kifua kimetulia. Wavulana bado wanaimbia puani, na mmoja wao, mtoto wa jenerali, ameniambia kwamba pua ndiyo iliyomfikisha baba yake alipo. Wiki ijayo tunaimba mbele ya wazazi. Niombee. Mwambie Daia nimempata yule fundi wa gitaa; nitamletea dogo linalofaa mikono yake.

Kuhusu Rostar na tumbo lake: nimeisoma barua yako mara nyingi, nimetafuta mahali uliposema unataka nini, sikupaona. Umesema wao wanataka nini. Umesema nikatae. Hujasema, “Kaka, mimi sitaki.”

Nikikataa mimi, halafu siku moja umekaa kwenye mlango wa mgahawa, ukamwona mtu mwingine anapita kwenye gari la kiti kile, utanichukia. Taratibu, kwa adabu, kama ulivyo, lakini utanichukia. Kwa hiyo sikatai. Wala siruhusu. Nauliza tu, nawe unijibu: unataka nini?

Paa la jikoni, mwite yule fundi wa Bah Lam. Ni mlevi lakini anajua kazi.

Kaka yako,
Wanbok

*

Mawkhlieng, 7 Mei 1995

Kaka Wanbok,

Khublei. Fundi alikuja, akalewa, akaziba. Sasa panavuja pengine. Daia anauliza gitaa kila jioni, usimdanganye. Nguruwe mkubwa amezaa, ila wawili wamekufa. Jirani yetu Kong Bat amepata mjukuu mwanamume na amekasirika, alitaka wa kike wa kurithi nyumba.

Umeniuliza ninataka nini. Kaka, huku mambo hayakungoja jibu langu. Rostar alirudi. Nilinyamaza, nikaendelea kuosha sufuria. Akasema, “Basi kunyamaza ni kukubali,” akaenda Shillong kwenye bunge lao, na wiki iliyofuata jina langu lilisomwa redioni. Niliposikia nilikuwa nimeshika kisu cha nyama. Sikusema ndiyo. Lakini pia sikumkimbilia kumrudisha.

Sasa sikiliza balaa lenyewe. Ukoo wa Skhem walikaa kikao. Wanasema kwa mila mali ya mwanamume haiendi kwa mkewe, inarudi kwao, na mrithi wake ni mtoto wa dada yake. Skhem ameacha koti la sufu, bunduki ya kuwindia na kiti. Koti na bunduki nilivipeleka mwenyewe. Kiti nacho wanakitaka. Wamemsimamisha Banjop, mtoto wa dada yake Skhem, yule uliyemfundisha kucheza ngoma akiwa mdogo. Hana chama, amepewa alama ya kandili.

Nilikwenda Nongrim kwa mama mkwe, nimebeba tambuu na popoo mbichi. Alipokea, akaweka chini, hakutafuna.

“Phida,” akaniambia, “koti la mwanangu lingekutosha?”

“Lisingenitosha, Mama.”

“Basi.”

“Mama, kiti si koti. Kiti wanatoa watu.”

“Watu walimpa mwanangu.”

Wazee waliokuwa ukumbini wakadakia. Mmoja akatoa ile ya zamani, kwamba kuku jike akiwika dunia imefika mwisho. Wakacheka. Baraza la kijiji lenyewe mwanamke haingii kusema, sasa anataka kwenda kusema Shillong! Niliaga. Banjop alinisindikiza mpaka kwenye mawe ya mababu mwanzo wa kijiji, ameinamisha kichwa. “Mkaza mjomba,” akasema, “mimi sikuomba.” Nikamwambia, “Hata mimi.” Tukasimama pale kama watoto wawili waliosukumwa wapigane. Kisha kila mtu akashika njia yake.

Daia huenda kwa bibi yake kila Jumamosi. Sikumkataza, na yeye bibi hakumfukuza. Lakini mimi tangu siku ile hanisalimii.

Nasema tena: nikataze. Muda bado upo wa kuondoa jina.

Phida

*

Mussoorie, 25 Mei 1995

Mdogo wangu,

Nimeandika haraka, leo posta inaondoka mapema. Wazazi walikuja, wavulana wakaimba, jenerali akalia. Pua imeshinda.

Sikukatazi. Usiniombe tena.

Ila mambo mawili yananisumbua. Mama mkwe wako amezika mtoto. Mtu aliyezika mtoto hushika chochote alichobakiza, hata kama ni kiti cha mbao ambacho hawezi kukikalia. Usimwone adui. Na Banjop ni kijana mwema, alikuwa akipiga ngoma kwa woga, kila mara nusu pigo nyuma. Msije mkaruhusu watu wenye magari wawatenganishe.

La tatu, ambalo si dogo: bado hujanijibu.

Wanbok

*

Mawkhlieng, 9 Julai 1995

Kaka,

Salamu. Daia mzima. Mimi mzima. Mvua haijakatika tangu Jumapili iliyopita, barabara ya Nongstoin imekatwa na maporomoko mahali pawili, sijui barua hii itapitia wapi.

Siku ya kura imetangazwa, mwishoni mwa Agosti, huku na Garo siku moja. Hujawahi kuona wageni kama hawa. Mawaziri wanapita na misafara yao hata ng'ombe wamezoea ving'ora. Kipande cha barabara mbele ya kanisa, kilichokuwa na mashimo tangu Daia akinyonya, kimewekwa kokoto kwa siku moja. Mgahawa unajaa asubuhi mpaka jioni, nimeajiri wasichana wawili. Chama wamebandika picha yangu kila mti, mimi nimevaa nyeusi, na Skhem nyuma yangu ana shada la maua shingoni. Wamenikataza kucheka hadharani. Kuna mwanamke aliyewekwa na Rostar, kazi yake ni kunikumbusha nifute macho.

Kuna mtu wa tatu amejiandikisha, Bah Plielad, yule aliyekuwa dereva wa lori la makaa. Alama yake ni baiskeli, na hakuna mlima hapa mtu anaweza kuupanda kwa baiskeli. Watu wanamcheka, naye anacheka nao, halafu anatembea kwa miguu kwenda kijiji kingine.

Jumamosi iliyopita ulikuwa mkutano mkubwa uwanja wa mpira. Uwanja uleule. Mama mkwe alikuja na watu wake, wakakaa mbele kabisa. Rostar alinipa karatasi ya maneno: Skhem shujaa, Skhem aliyetupenda, maliza kazi yake. Nikapanda. Nikaona pale alipokaa siku ile. Nikaona pia watu wa ng'ambo ya Umlaren, waliovuka mto umejaa kwa kushikilia kamba, wamelowa hadi kifuani, wanawake kwa watoto. Karatasi ikanishinda.

Nikasema, “Mume wangu aliwaahidi daraja mara tatu. Hakulijenga. Nilikuwa namwuliza usiku, akaniambia mwakani. Mimi sitaki mnipigie kura kwa sababu nalia. Nikiwaahidi daraja na nisilijenge, njooni mgahawani mnimwagie chai usoni.”

Wale wa ng'ambo wakapiga makofi. Lakini mama mkwe aliinuka. Akafunga shali yake, akaondoka, na ukoo mzima nyuma yake.

Rostar alinifuata nyuma ya jukwaa, mate yanamtoka. “Unamtukana marehemu mbele ya mama yake! Umejiona nani? Hatukuanza na wewe, kwa taarifa yako. Tulianza na kaka yako! Tulimpigia simu shuleni kwake kabla udongo wa kaburi haujakauka. Yeye ni mwanamume, amesoma, ana sauti. Akakataa. Ndipo tukashuka kwako. Wewe ni tairi la akiba, Kong, na tairi la akiba halimchagulii dereva njia!”

Kwa hiyo ulijua. Kabla ya barua yangu ya kwanza ulijua. Nikakuandikia kama mjinga, nikakuomba unikataze, nawe ukanijibu kwa swali kama mwalimu, mara ya kwanza na ya pili, na kumbe jibu la mwanzo lilikuwa mfukoni mwako.

Sina la kuongeza.

Phida

*

Mussoorie, 24 Julai 1995

Mdogo wangu Phida,

Sitaanza na salamu maana najua utaziruka.

Ni kweli. Walipiga simu. Niliitwa ofisi ya mwalimu mkuu katikati ya mazoezi, nikadhani ni msiba mwingine. Alikuwa Rostar. Akasema wanataka mwanamume wa nyumba yako. Nikamwambia nyumba yetu ina mlango mmoja na mwenye ufunguo ni Phida. Akasema, “Lakini yeye anapika wali.” Nikamwambia, “Na wewe unaula.” Nikakata simu.

Hayo ndiyo yote niliyomwambia. Sikumwomba aje kwako. Lakini nilijua atakuja.

Kwa nini sikukwambia? Kwa sababu nakujua. Tangu utoto, tukigawiwa nyama, ulikuwa unasukuma kipande kikubwa upande wangu na kusema huna njaa, na mimi nikikila ulikuwa unakiangalia mpaka kinaisha. Ningekwambia kwamba wameniita, ungeandika barua siku ileile: Kaka, njoo, ni chako, wewe ndiye mwanamume. Ungefurahi kwa sauti na kuumia kimya. Na mimi sikutaka kile kiti hata kidogo. Napenda wavulana wangu na pua zao.

Nilitaka mara moja katika maisha yako uangalie kitu bila mimi kusimama kando yake.

Ulichosema uwanjani nimekisoma nikasimama. Hakuna mwanamume niliyewahi kumsikia akisema maneno yale juu ya jukwaa, wala mimi nisingeweza. Usimsikilize Rostar. Tairi la akiba ndilo ambalo halijachakaa.

Unikasirikie kadiri unavyotaka, ila uniandikie.

Wanbok

*

Mussoorie, 19 Agosti 1995

Phida,

Posta imekuja mara nyingi bila kitu. Redio inasema mvua huko kwetu zimebomoa barabara na maofisa wa uchaguzi wanabeba masanduku ya kura mgongoni. Najiambia kwamba barua yako imekwama chini ya udongo mahali fulani. Ni rahisi kuliko kujiambia lile jingine.

Nilipiga simu kwenye kile kibanda cha simu cha sokoni. Mwenyewe akasema, “Kong Phida? Yuko mlimani anaomba kura.” Nikamwambia akusalimie. Akasema, “Wewe ni nani?” Nikasema mjomba wa Daia. Akasema, “Aaa, yule aliyekataa!” Naona mji mzima umeshajua.

Kura ni wiki ijayo. Ushinde au ushindwe, nitakuja Desemba shule ikifunga. Nimeshakata tiketi.

Kaka yako, kama bado unaye,
Wanbok

*

Mawkhlieng, 3 Septemba 1995

Kaka yangu mpendwa,

Khublei, khublei tena. Barua zako mbili zilifika siku moja, Ijumaa, kwenye gunia lililoletwa na mtu wa posta kwa miguu. Basi hukuwa umesahauliwa, ulikuwa umekwama Mairang pamoja na magunia ya chumvi. Na mimi, nikwambie kweli, nilikaa bila kuandika, mwanzoni kwa hasira, na baadaye kwa aibu ya hasira. Sasa vyote vimekwisha. Kaa chini nikusimulie.

Rostar alitaka niombe radhi redioni kwa yale ya uwanjani. Nikakataa. Akawaondoa watu wake na magari yake, akanibakizia kipaza sauti kimoja kinachokoroma. Nikazunguka na wasichana wangu wa mgahawani. Nilisema yaleyale kila mahali. Mahali pengine walinipigia makofi, pengine walinifungia mlango, na Nongrim watoto walinirushia maganda ya chungwa.

Watu wa Banjop walikuwa wananisema vibaya, wangu wanamsema vibaya yeye. Sokoni watu walianza kununua kwa upande. Mwuza tambuu akikuuzia, ujue ni wa kandili au wa ngazi, alama ya chama chetu. Kong Bat na dada yake wa tumbo moja waliacha kukaa benchi moja kanisani. Nikamwona mama mkwe mara moja tu, siku ya kura, kwenye foleni. Mvua ilikuwa inamwagika, kila mtu amejifunika ngao yake ya majani ya kukingia mvua mgongoni, hatujulikani nani ni nani. Akatoka na wino kidoleni, akapita karibu yangu kiasi cha kunigusa. Sijui alimpigia nani. Macho yake yalikuwa yamevimba.

Usiku ule, Kaka, nilikaa nikajiuliza swali lako. Nikajijibu. Nilikitaka kiti. Nasema sasa kwa kuwa hakuna wa kuniita mroho. Sikukitaka kwa ajili ya Skhem, wala ya chama, wala kwa kuwa nililazimishwa. Nilikitaka tangu siku ile kisu cha nyama kilipokuwa mkononi na jina langu likatoka redioni, na moyo wangu ukaruka kama wa msichana. Nikaona haya kwamba moyo wa mjane unaweza kuruka. Ndiyo maana nilikuomba unikataze. Ungenikataza ningekuwa salama, na ningekuchukia. Ulisema kweli.

Na papo hapo niliogopa nikishinda. Niliwaza: nikishinda, sitaingia tena mlango wa mama mkwe maisha yangu yote, na Daia atakuwa anavuka kila Jumamosi kutoka nyumba moja kwenda kwa adui. Banjop akishinda, ni vilevile, tofauti ni nani anatembea akiwa ameinamisha kichwa.

Kura zilihesabiwa Nongstoin, kwenye ukumbi wa shule. Daia alikuwa ameshakwenda kwa bibi yake, hakutaka kuniangalia. Mimi nilisimama upande mmoja wa kamba na Banjop upande wa pili, kila mtu na watu wake. Meza za mwanzo tulikuwa tunafukuzana, mara mimi, mara yeye, na watu wanapiga kelele. Halafu yakafunguliwa masanduku ya ng'ambo ya Umlaren.

Baiskeli. Baiskeli. Baiskeli.

Bah Plielad alikuwa amevuka ule mto, Kaka. Sisi tuliwapelekea sauti ya kipaza sauti kutoka ukingo wa huku, hata mimi niliyezungumza habari za daraja na kusema nimwagiwe chai. Yeye alivuka kwa kamba, akalala kwao, akala kwao, akakaa mpaka mvua ilipopungua. Wakampa zote. Alitupita mimi na Banjop tukiwa tumefuatana kama ng'ombe wa nira moja.

Nilisubiri kuumia. Niliumia, sikatai, kama mtu aliyejigonga kidole cha mguu. Kisha kitu kizito kilichokuwa kimenikaa hapa, chini ya shingo, tangu Februari, kikashuka. Nikapumua mpaka chini. Nikageuka nikamwona Banjop naye ananitazama, midomo inatetemeka, nikadhani atalia.

“Mkaza mjomba,” akasema, “tumepigwa na baiskeli.”

Nikacheka. Kaka, nilicheka mbele za watu wote, mjane mwenye nguo nyeusi, na hakukuwa na mtu wa Rostar wa kunikumbusha macho. Banjop akavuka kamba. Rostar mwenyewe alikuwa mlangoni anasikiliza redio ndogo. Garo chama chake kimeshinda, serikali imebaki, waziri kiongozi hafungi virago. Akanipungia mkono kama hatujawahi kugombana. Nikampungia. Hata yeye ana watoto.

Bah Plielad alikuja kutushika mikono, nguo zake bado zina tope. Nikamwambia, “Mgahawani kwangu chai ipo tayari, na najua kuilenga.” Akasema anajua, ndiyo maana atakuja na mwavuli.

Ilinibidi nipitie Nongrim kumchukua Daia, na Banjop alikuwa anakwenda huko kwa bibi yake. Tukapanda jipu moja. Kadiri tulivyokaribia tukaacha kusema. Tulipofika kwenye mawe, mimi nikasimama. “Nenda wewe kwanza,” nikamwambia, “umwambie Daia atoke.” Akasema, “Siendi peke yangu, ataniua.” Tukaingia pamoja, mimi mbele, yeye nyuma yangu, mwanamume mzima.

Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na moto. Alikuwa hajawasha redio. Akatutazama mmoja mmoja.

“Ni nani kashindwa?”

“Wote wawili, Bibi,” Banjop akasema.

Akafumba macho. Mabega yake yakashuka taratibu, kama mtu anayetua mzigo wa kuni mwishoni mwa mlima. Nikasikia pumzi yake. Kisha akanigeukia mimi.

“Ulisema kweli juu ya mwanangu,” akasema. “Mimi nami nilikuwa namwuliza habari za lile daraja. Ila ungeanza kuniambia mimi, humu ndani, kabla ya kuwaambia wale.”

“Ningeanza na wewe, Mama. Nisamehe.”

“Kaa. Umelowa.”

Akachukua tambuu, akaipaka chokaa, akakata popoo, akanipa kwa mkono wake. Nyingine akampa Banjop. Ya tatu akatia kinywani mwake, akatafuna. Halafu akafunua sufuria, na mvuke ukatoka, wali na kuku mzima.

“Huyu nilimchinja tangu asubuhi,” akasema, “nikajiambia nitampa yule atakayerudi analia. Sasa mmekuja wawili, na mbona hakuna anayelia?”

Banjop akaangua kicheko, mimi nikamfuata, na mama mkwe akajaribu kutukaripia, akashindwa, akajifunika mdomo kwa shali. Tulicheka mpaka Daia akatoka chumbani kuuliza nani ameshinda, na hakuna aliyeweza kumjibu.

Dada yako,
Phida